Bedlam, Mirembe na Sisi Tunaojiita Wazima

Msyuu! Naanza na msonyo, tutasalimiana baadaye.

Bodaboda wa kijiwe chetu alitoka banda umiza na neno jipya la Kiingereza mdomoni. Mechi ya Ulaya ilikuwa ukingoni, goli likaingia dakika za nyongeza, jukwaani watu wakarukiana, koti la huyu juu ya kichwa cha yule, na mtangazaji akawa hana kingine cha kusema ila neno moja: Bedlam! Kijana akalidaka. Tangu hapo kila kitu kwake ni Bedlam. Foleni ya Ubungo, Bedlam. Maji kukatika mtaani, Bedlam. Mama Chapati akikosea chenji, Bedlam. Fundi Viatu uvumilivu ukamwishia.

"We kijana, hicho kidudu unachokitafuna tangu asubuhi ni kitu gani?"

"Fujo hiyo, mzee wangu. Lakini si fujo ya kawaida. Fujo ya kimataifa."

Hakukosea. Kamusi za Kiingereza zinasema hivyohivyo: mahali penye kelele na mkanganyiko, kila mtu anafanya lake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Watangazaji wa mpira wanalipenda neno hili, waandishi wa habari wanalipenda, na mama wa Kiingereza akiingia chumbani kwa wanawe akakuta mito inaruka, huenda likamtoka. Nilichojiuliza mimi ni kwa nini mtu wa kwetu aende kuazima. Sisi fujo tunayo kwa kila saizi: tafrani, patashika, kizaazaa, zahama, sokomoko, varangati, timbwili, songombingo, mshikemshike, na hii ya vijana, vurugu mechi. Mswahili akose mengine, kwa neno la fujo hakosi.

Tungeishia hapo, tukanywa kahawa yetu, kila mtu akashika njia. Bahati mbaya, au nzuri, Mwalimu alikuwepo. Mwalimu alistaafu kufundisha historia, lakini historia yenyewe haijamstaafu. Akaweka kikombe chini, akafuta kashata kwenye ndevu, akasema taratibu: "Hiyo si fujo. Hiyo ni hospitali."

"Hospitali gani tena, Mwalimu?"

"Hospitali ya wagonjwa wa akili. Iko London, na mpaka leo inatibu."

Hapo ndipo gumzo lilipoanza, na ndipo na mimi niliposogeza kigoda. Ninayoyaandika hapa ni ya Mwalimu, nimeyachanganya na misonyo yangu.

Mwaka 1247 mheshimiwa mmoja wa London, Simon FitzMary, alitoa kiwanja chake nje ya ukuta wa mji, upande wa Bishopsgate, ijengwe nyumba ya watawa. Watawa hao walikuwa chini ya kanisa la Bethlehemu, Bethlehemu hiyohiyo ya Krismasi, na kazi yao ilikuwa kuikusanyia sadaka. Kiwanja chenyewe leo kimekaliwa na kituo cha treni cha Liverpool Street. Muda ukaenda, nyumba ikaanza kupokea maskini na wagonjwa. Wakaguzi walipoingia mwaka 1403, miongoni mwa waliokuwamo walikuta wanaume sita waliopotewa na akili. Jina nalo likaliwa na midomo ya watu: Bethlehemu ikawa Bethlem, Bethlem ikawa Bedlam.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Katika ukaguzi ule wa mwaka 1403, aliyekutwa na kesi hakuwa hata mmoja wa wale sita. Alikuwa bawabu, jina lake Peter, mwenye akili zake timamu, aliyekuwa akichota mali za nyumba ile kwa faida yake. Waliopotewa na akili wamelala, mwenye akili anaiba. Weka alama hapo, tutarudi.

Tuvuke miaka mia mbili. Mwaka 1619 uongozi wa Bedlam ukashikwa na msomi haswa, Helkiah Crooke, daktari wa mfalme James, mtu aliyekuwa ameandika kitabu kinene cha maumbile ya mwili wa binadamu. Ungesema sasa wagonjwa wamepata baba. Tume ilipokuja kuchunguza, ikakuta daktari haonekani kazini, hesabu hazieleweki, na wagonjwa wana njaa ilhali chakula cha sadaka kinaletwa. Mwaka 1633 akaondolewa.

"Huyo mbona ndugu zake nawafahamu," akasema Mama Chapati bila kuinua macho kwenye kikaango. Hatukumuuliza ni akina nani. Kijiwe kizima kilikuwa na orodha yake.

Mwaka 1676 hospitali ikahamishiwa Moorfields, kwenye jengo jipya lililochorwa na Robert Hooke, mwanasayansi mkubwa wa zama zake. Jengo lilikuwa refu na la fahari, watu wakalifananisha na ikulu ya wafalme wa Ufaransa. Juu ya lango wakaweka sanamu mbili za mawe za mchongaji Cibber, wanaume wawili walio uchi: mmoja amezama katika huzuni, mwingine amefungwa minyororo na uso umemkunjamana. Yaani kabla hujaingia umeshaambiwa utakayoyaona. Lakini jengo lenyewe lilisimamishwa juu ya mtaro wa zamani wa mji uliofukiwa kwa takataka, na msingi haukuchimbwa ipasavyo. Kuta zikapasuka, mvua ikapita. Fundi Viatu, ambaye amewahi kujengewa nyumba na fundi wa bei poa, alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeijua habari hiyo.

Na humo ndani ndimo neno lilimokomaa.

Uongozi ulikuwa umeacha milango wazi kwa watazamaji. Watu wazima na akili zao, wake kwa waume, walikwenda Bedlam kustarehe, na sikukuu za Krismasi na Pasaka ndizo zilikuwa siku za kujaa. Langoni palikuwa na masanduku ya sadaka, ukidondosha senti yako unapita. Ndani, njugu zinauzwa, bia inauzwa. Wengine walikwenda kwa huruma, tuwe wakweli, na sadaka zao zilisaidia hospitali. Lakini wengi walitaka kuona vituko, na mgonjwa aliyetulia akawa kwao hasara. Basi wanamchokonoa, wanamnywesha pombe, wanamtukana mpaka naye apige kelele, kisha wanacheka na kwenda kusimulia. Ruhusa hiyo ilibanwa mwaka 1770 tu, ikawa lazima uwe na kibali.

Mchoraji William Hogarth aliiweka picha hiyo kwenye karatasi mwaka 1735. Alichora hadithi ya kijana anayeitwa Tom Rakewell, aliyerithi mali ya baba, akaitapanya kwa ulevi, wanawake na kamari, akaishia Bedlam. Bodaboda aliposikia kamari alikunja simu yake haraka, maana mkeka wa jioni ulikuwa bado uko wazi kwenye kioo. Katika picha ya mwisho Tom yuko sakafuni, nusu uchi, anafungwa minyororo. Kwenye chumba kimoja nyuma yake kuna mtu asiye na nguo, ana taji kichwani, anadhani yeye ni mfalme. Na katikati, waangalie hao: wanawake wawili wa kitajiri, magauni ya hariri, wamekuja kutembea. Mmoja amejiziba kwa kipepeo chake, aonekane ana haya, huku jicho likichungulia kwa pembeni. Mgonjwa hana cha kuficha na mzima ndiye anayejificha. Hogarth alijua anamchora nani.

Kwa hiyo mtu wa London aliposema "kama Bedlam" akimaanisha kelele na vurumai, kelele gani alizisikia? Nusu ya kelele zile ilikuwa ya wageni. Wao ndio walioleta bia na vicheko, wakaiwasha fujo, kisha wakawaachia wagonjwa jina la fujo. Msyuu!

Mwalimu alikuwa bado hajamaliza. Mwaka 1814 mpenda haki mmoja, Edward Wakefield, aliingia Bedlam na wenzake wakamkuta Mmarekani aitwaye James Norris. Shingoni ana pete ya chuma, pete imeunganishwa kwa mnyororo na nguzo ya chuma kando ya kitanda, mabega na mikono imebanwa kwa vyuma vingine. Anaweza kusimama na kulala, basi. Alikuwa hivyo kwa miaka zaidi ya tisa. Wageni wakaongea naye, akaongea. Alikuwa akisoma vitabu na magazeti, anajua siasa za wakati ule na habari za vita. Bunge likaunda kamati mwaka 1815, likaita wakubwa wa hospitali wajieleze.

Maelezo yao yanahitaji uketi vizuri. Daktari mkuu alikuwa Thomas Monro. Kazi ile ilikuwa ya ukoo: kuanzia mwaka 1728 mpaka 1853 Bedlam ilikuwa na madaktari wanne wa familia hiyo, baba, mwana, mjukuu na kitukuu, wakipokezana. Monro akaieleza kamati kwamba kila mwaka, msimu ukifika, wagonjwa hutolewa damu, kisha hupewa dawa za kutapisha, kisha za kuharisha. Wote kwa mkupuo, awe anaumwa hiki au kile. Ndivyo baba yake alivyofanya, na yeye hakuwa na njia bora zaidi. Mzee Mwinyi, aliyekuwa rais wetu, alipouita mpira wetu kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyolea, sisi tulicheka. Pale Bedlam vichwa vilikuwa vya kweli, na kinyozi alikuwa analipwa mshahara.

Kuhusu minyororo, Monro alikiri kwamba hiyo ni ya wagonjwa maskini. Katika nyumba yake binafsi, walikolazwa matajiri, hakuitumia, kwa kuwa muungwana hawezi kupenda kufungwa chuma. Hapo Mama Chapati aliacha kukaanga. "Mpaka leo," alisema. "Mwenye gari akianza kuongea peke yake mnasema ana msongo wa mawazo, apumzike. Asiye na kitu akiongea peke yake ni kichaa, mtoeni hapa."

Na daktari wa upasuaji je? Bryan Crowther, aliyefariki kabla kidogo ya kamati kukaa. Mwenzake kazini, John Haslam, aliwaambia wabunge kwamba kwa miaka kumi Crowther alikuwa mlevi na akili zake zimevurugika, kiasi cha kuhitaji kuvishwa koti la kuwafungia wagonjwa. Miaka kumi yuko kazini! Monro na Haslam wenyewe walipoteza nafasi zao mwaka 1816.

Naomba uhesabu pamoja nami. Bawabu mwizi, daktari asiyeonekana, waliojenga juu ya takataka, watazamaji walevi, ukoo uliogeuza tiba kuwa mirathi, na mpasuaji anayestahili kulazwa. Wote hao walihesabiwa wazima wenye akili zao, hakuna hata mmoja aliyeandikishwa kuwa mgonjwa. Kiingereza kilipotafuta neno la vurugu, kikapita mbele ya wote hawa, kikaenda kumnyooshea kidole aliyefungwa ukutani.

Mwaka uleule wa kamati, 1815, hospitali ilihamia ng'ambo ya mto Thames, ikakaa huko mpaka 1930 ilipohamia Beckenham, viunga vya kusini mwa London, iliko hadi sasa. Inatibu, inafundisha, na ina makumbusho yake. Na lile jengo la ng'ambo ya mto? Tangu mwaka 1936 ni Makumbusho ya Vita ya Uingereza. Mbele ya mlango imesimama mizinga miwili mikubwa ya meli za kivita. Nyumba iliyowahi kufungia watu kwa kuwa ni hatari sasa inatunza vitu vilivyobuniwa na watu wenye akili sana.

"Haya, Mwalimu," akasema Fundi Viatu, "umetuzungusha London yote. Lakini hao ni Wazungu, tena wa zamani. Sisi tunahusika vipi?"

Mwalimu akamgeukia bodaboda. "Asubuhi kondakta wa daladala alipokuzibia njia, ulimwambiaje?"

Kijana akacheka kabla ya kujibu, na alipojibu kicheko kikakata. "Nilimwambia arudi Mirembe."

Kumbe!

Mirembe, kwa asiyejua, ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, imekuwepo tangu mwaka 1927. Kabla yake Wajerumani walishaanza kuwahifadhi wagonjwa Lutindi, kwenye milima ya Usambara. Jirani na Mirembe kuna Isanga, wanakopelekwa waliotenda makosa wakiwa hawana akili timamu. Maelfu wametibiwa huko wakarudi kulima, kuuza duka, kulea wajukuu. Lakini taja Mirembe kijiweni uone. Mtu akivaa soksi mbili tofauti, katoroka Mirembe. Kiongozi akitoa kauli ya ajabu, apimwe Mirembe. Ukijitambulisha kwamba kwenu ni Dodoma, lazima mmoja aulize, "Dodoma mjini au kule kwetu Mirembe?" na wengine wacheke wakati utani huo ni mkongwe kuliko barabara.

Wakenya nao wana Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910, na wanaifanyia hayohayo. Mathari nayo ina kisa chake cha wazima. Daktari J. C. Carothers aliiongoza tangu 1938 mpaka 1950, na kutokana na aliyoyaona mle, mwaka 1953 akaandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani juu ya akili ya Mwafrika. Katika kitabu hicho alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, akiwachambua watu wale kwa jicho la magonjwa ya akili. Watu wanadai mashamba yao, daktari anatafuta ugonjwa kichwani mwao. Kumwita mtu kichaa ni njia nyepesi ya kutomsikiliza anachosema, iwe kwa gavana wa kikoloni, iwe kwa jirani mnayegombania mpaka wa kiwanja.

Hata mahakamani Bedlam imetufuata. Januari 1843 Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel, akiamini kwamba chama cha Peel kinamwandama. Drummond akafa. Mahakama ikaona M'Naghten hakuwa na akili timamu, akapelekwa Bedlam badala ya kitanzini. Umma ukachachamaa, majaji wakatakiwa waeleze sheria inasemaje, na majibu yao yakawa kanuni zilizobeba jina lake: mtu hahukumiwi kama ugonjwa wa akili ulimfanya asijue anachokitenda au asijue kwamba ni kosa. Waingereza wakaipakia kanuni hiyo kwenye sheria za jinai walizoziandikia makoloni yao, na ndiyo mpaka leo hakimu wa Tanzania au Kenya anaiuliza. Sheria imeshajua kuwa huyu anaumwa. Sisi wa kijiweni bado tunamwona kichekesho.

Fundi Viatu hakukubali kirahisi. "Mwalimu, utaua utani. Mswahili bila utani atakuwa mtu gani? Mnyamwezi na Mzaramo wanaitana majina mabaya kuliko hayo, na msibani wanabebana."

Ni hoja, na mimi niliipenda. Lakini utani una kanuni yake, kila mtani anaijua: unanipiga, nakupiga. Mzaramo akinena, Mnyamwezi ana la kurudisha, na wote wawili wako uwanjani. Mgonjwa wa Mirembe hajaitwa kwenye utani huu. Hayupo kijiweni kukujibu, na akiwepo ndiyo kabisa hatojibu, kwa sababu akifungua mdomo mtajua. Utani wa upande mmoja Waswahili wanalo jina lake, wanauita dhihaka.

Mama Chapati alipangusa mikono kwenye kanga. "Nina mtu wangu," alisema, "simtaji. Ana daftari la kliniki. Amelivika jalada la gazeti, mtu asisome pale juu palipoandikwa afya ya akili. Vidonge akitoka navyo hospitali anavihamishia kwenye kopo la vitamini. Siku ya kliniki anatembea mpaka kituo cha mbele ndipo apande daladala, ili wa mtaani wasione anaelekea wapi. Dawa zikimtetemesha mikono anasema ana sukari. Sukari! Mtu anajisingizia sukari ili apate heshima. Halafu nyinyi hapa mnaniambia mchezo."

Hakuna aliyemjibu. Fundi Viatu alijitia kutafuta sindano.

Mtu huyo ana bahati, maana anaifikia kliniki. Wapo ambao familia inaona bora wafungwe chumba cha uani kuliko mtaa ujue. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo, likataja nchi 60 duniani, na Kenya ikiwemo. Wengine wanafungwa nyumbani, wengine kwenye nyumba za waganga na za maombezi. Anayemfunga mara nyingi ni mama yake au kaka yake, watu wanaompenda, ambao hawana nauli, hawana dawa karibu, na wanaogopa mdomo wa mtaa kuliko ugonjwa wenyewe. Norris alifungwa na hospitali. Huyu wa kwetu anafungwa ili asiende hospitali, kwa sababu jina la hospitali tumelitia sumu sisi wenyewe.

Kiswahili chenyewe kinatutega. Aliyepotea Kariakoo akasahau alikopita, amechanganyikiwa. Aliyefiwa na mume akakaa siku nzima hasemi, amechanganyikiwa. Anayesikia sauti zisizokuwepo, amechanganyikiwa. Wa kwanza anahitaji kuonyeshwa njia, wa pili anahitaji ndugu, wa tatu anahitaji daktari, na sisi wote watatu tunawapiga muhuri mmoja kisha tunaondoka. Kwa fujo tuna maneno mpaka ya kugawa. Kwa mtu anayeumwa akili tuna chizi, kichaa, mwehu, punguani, na yote yanarushwa, hakuna la kumshika mtu mkono.

Yapo yanayobadilika, nisije nikaonekana mpiga ramli mbaya. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Kabla ya hapo aliyeponea chupuchupu akiamka kitandani anakuta askari. Tanzania nayo hospitali za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, hivyo si kila mgonjwa wa kutupwa Dodoma tena. Lakini jaji hawezi kutoa amri juu ya mdomo wa kijiweni. Mdomo huo ni wetu, hauna rufaa.

Kijana wa bodaboda, kwa sifa yake, aliuliza swali la mtu aliyesikia. "Sasa Mwalimu, foleni ya Ubungo nitaiitaje?"

"Iite songombingo," akasema Mwalimu. "Iite mipango mibovu. Mwite aliyeziba njia kwa jina lake. Maana ile foleni imejazwa na watu wenye leseni, wenye akili timamu, kila mmoja ana haraka na hakuna anayempisha mwenzake. Hakuna mgonjwa hata mmoja pale aliyeileta."

Bodaboda akacheka, akasema basi Mwalimu amemshinda, ila yeye bado anaamini kuna kondakta mmoja wa njia ile ambaye lazima apimwe. Fundi Viatu akadakia kwamba kweli, huyo hata yeye anamfahamu, si mzima. Tukaanza upya. Msyuu!

Mimi nikaona niwaachie hili moja, na wewe msomaji nakuachia. Aliyetoka Mirembe anatoka na karatasi yenye saini ya daktari, imeandikwa amepata nafuu, aruhusiwe kwenda nyumbani. Wewe unayemcheka, yako iko wapi?